Kinanda cha Dunga na Mguu wa Marehemu

Mimi ni mtu wa udi. Nimezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ambayo usiku wa arusi sauti ya nyuzi iliingia dirishani kabla ya harufu ya ubani. Kwa hiyo miaka ya 1990, ilipoenea taarab ya kisasa na kinanda kimoja cha umeme kikavikalia viti vya udi, fidla, nai na ganuni, nilikasirika. Niliandika magazetini, na mashairi nikatunga, kwamba kinanda hicho ni mwizi: kimezikusanya sauti za watu tumboni mwake, na kazi ya mpigaji ni kumbonyeza tu huyo mwizi ataje alichoiba.

Maneno hayo nimeyarudia miaka mingi. Leo nataka kuyapunguza, na sababu ya kuyapunguza niliikuta mahali ambapo sikuitarajia kabisa: Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwa fundi wa redio.

Nilikuwa nimekwenda Kisumu kwa arusi ya binti wa rafiki yangu. Baada ya sala ya alasiri mwenyeji wangu akasema si adabu mtu wa pwani afike Kisumu arudi kwao bila ya kula ngege wa Dunga. Tukatoka mjini tukashuka ziwani, mwendo wa kilomita chache tu. Dunga ni kijiji cha wavuvi. Mashua zimevutwa nchi kavu, omena wameanikwa juu ya nyavu chakavu, na mafunjo marefu kuliko mtu yameufunga ukingo wa maji kama ukuta wa makuti. Kina mama wanakaanga samaki, moshi unapanda, na kila mtu anazungumza kwa sauti ya juu, kama sisi tu.

Tulikuwa tukinawa mikono nilipoisikia. Ilikuwa ni sauti ya chuma kikigonga mbao: ko, ko-ko, ko. Haikuwa nyundo ya fundi wa mashua, kwani nyundo haina mahadhi. Nikamwambia mwenzangu, "Hapa pana nyatiti. Twende tukamwone mpigaji."

Kwa msomaji wa pwani ambaye hajaiona, nyatiti ni kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Mpigaji hukaa juu ya kigoda kifupi, chombo amekilaza ubavu mbele yake, mikono yote miwili i nyuzini. Lakini mguu wake nao haulali. Katika kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete nzito ya chuma iitwayo oduong'o, na kwa pete hiyo hugonga ukingo wa chombo akijipigia ngoma mwenyewe, huku njuga ziitwazo gara zikilia mguuni. Mtu mmoja huwa takhti nzima. Hata gitaa la benga, ambalo lilivuma Nyanza na likavuka mipaka, linasemwa na wajuzi kwamba lilijifunza kudonoa kwake katika nyuzi za nyatiti.

Basi tukaifuata sauti. Ikatufikisha kwenye kibanda cha mabati chenye redio mbovu, simu zilizopasuka vioo na nyaya za kila rangi. Nyatiti haikuwapo. Alikuwapo bwana mmoja wa rika langu, miwani imefungwa kwa uzi, amekaa mbele ya kinanda cheusi cha umeme ambacho lebo yake ilikwisha kubanduka zamani. Kidole chake kimoja kilibonyeza, na chuma kikagonga mbao.

"Karibu, Sheikh," akasema, maana aliiona kofia yangu.

Nami, kwa uadui wangu ule wa zamani, sikungoja hata kukaa. Nikamwambia, "Kumbe ni wizi tu. Sauti hii umemwibia nani?"

Hakukasirika. Akaniambia, "Sheikh, viko vinanda vilivyotiwa ndani sauti za watu zilizokamatwa kwa mitambo ya kurekodia. Hivyo semea upendavyo. Lakini humu ndani hamna sauti ya mtu hata moja. Mna mawimbi mawili, na moja linamtikisa mwenziwe. Basi."

SOMO LA KIBANDANI

Nilikaa. Fundi akanionyesha, nami nitajaribu kukueleza, msomaji, kama alivyonieleza yeye.

Kwanza akabonyeza kitufe, ikatoka sauti moja nyembamba, nyeupe, isiyo na ladha yoyote, mfano wa mluzi wa mtu asiye na furaha wala huzuni. Hilo, akasema, ni wimbi tupu. Linatetema mara 200 kwa kila sekunde, na hewa ikitetema mara 200 sikio huisikia sauti hiyo. Tuliite wimbi hili mchukuzi, kwa sababu ndilo litakalobeba mzigo.

Kisha akaleta wimbi la pili. Hili halisikiki lenyewe. Kazi yake ni kumshika mchukuzi na kumtikisa: kumpandisha juu kidogo na kumshusha chini kidogo. Tuliite mtikisaji. Akalianza polepole, mara 5 kwa sekunde. Mara ule mluzi mkavu ukapata uhai. Ukatetema kama sauti ya mwimbaji anayevuta ubeti wa mwisho, au kama kidole cha mpiga fidla kinapocheza juu ya uzi. Hapo nilielewa bila ya kufasiriwa. Tulipokuwa chuoni, maalimu wetu alitufundisha qalqala, zile herufi tano ambazo zikiwa na sukuni sauti yake hudundishwa, na akatuambia kwamba maana ya neno lenyewe ni mtikisiko. Silinganishi kisomo na kinanda, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba sikio langu lilifunzwa huko kuutambua mtikisiko.

"Sasa sikiliza," Fundi akasema, akaongeza mwendo. Mara 10. Mara 20. Mtetemo ukawa mkwaruzo, kama mtu anayeongea na koo limekauka. Akapita 30, akaenda mbele zaidi, na hapo mkwaruzo ukatoweka. Sikuusikia tena mtikisiko. Nilisikia sauti mpya, nene, yenye rangi ambayo haikuwamo katika wimbi la kwanza wala la pili.

Nikamwuliza imetoka wapi. Akaniuliza kama utotoni sikupata kubana kipande cha kadi katika spoku za baiskeli. Nani hakufanya? Baiskeli ikienda polepole wasikia ta, ta, ta, na waweza kuhesabu. Ikienda mbio huwezi kuhesabu tena, kadi inaimba. Sikio letu lina mpaka. Chini ya mpaka huo husikia matukio, moja baada ya moja. Juu yake husikia sauti. Mtikisiko ukiuvuka mpaka huo hatuuoni tena kuwa ni mtikisiko. Twauona kuwa ni rangi ya sauti yenyewe.

HESABU YA JAMAA NA WAGENI

Rangi hiyo ina hesabu, na hesabu yake ni ya kujumlisha na kutoa tu. Mchukuzi akiwa 200 na mtikisaji akiwa 200, huzaliwa sauti za pembeni: 200 ukiongeza 200 ni 400, ukiongeza tena ni 600, kisha 800, na kuendelea. Upande wa pili unatoa: 200 ukitoa 200 ni sifuri, ukitoa tena wapita chini ya sifuri. Zinazopita chini ya sifuri hazipotei. Hurudi juu kama mpira uliodundishwa sakafuni, zikajiunga na wenzake. Sasa tazama: 200, 400, 600, 800. Zote ni watoto wa 200. Sikio likisikia ukoo mmoja namna hiyo husema hii ni sauti moja, na husikia kitu kama tarumbeta.

Mtikisaji akiwa 400, mara mbili ya mchukuzi, huzaliwa 600 na 1,000 na wengineo wa namna hiyo, yaani mafungu ya witri tu ya 200. Sauti inakuwa na uwazi ndani yake, kama ya klarineti au ya mwanzi mnene.

Lakini mpe mtikisaji namba isiyokuwa ya jamaa. Mchukuzi 200, mtikisaji 280. Huzaliwa 480 na 760 na 1,040. Na zile zilizodunda chini hurudi zikiwa 80 na 360 na 640. Hapa sikio linatafuta baba wa watoto hawa halimwoni. Ni wageni waliokutana njiani. Na sauti za wageni waliokutana ghafla, zikaingia kwa kishindo na kufifia taratibu, ndiyo sauti ya kengele, ya sinia lililoanguka, ya chuma kilichogongwa.

Kwa hiyo uwiano wa mawimbi mawili ndio unaoamua kama utasikia shaba inayopulizwa, mwanzi au chuma. Na kiasi cha kutikisa ndicho kinachoamua mwangaza. Mtikisaji akiwa mpole, sauti za pembeni ni chache na sauti ni ya upole. Akiwa mkali, huzaliwa jozi baada ya jozi, na sauti inang'aa hata kukereketa. Ukali huo waweza kubadilika ndani ya sauti moja, kwa kasi ya kufumba jicho, na waweza kufungwa na kidole cha mpigaji: akibonyeza kwa upole mtikisaji hupoa, akipiga kwa nguvu hupanda. Ndivyo vilivyo vyombo vya kweli pia. Tarumbeta ikipulizwa kwa nguvu haiwi kubwa tu, huwa na rangi nyingine.

Jambo hili huitwa ugeuzaji wa masafa, na herufi zake ni zile zile mbili za redio: FM. Fundi wa redio hawezi kukosa kulieleza hilo. Ramogi FM ikitangaza, akasema, sauti ya mtangazaji ndiyo mtikisaji, na mchukuzi ni wimbi linalotetema mamilioni kadhaa, kati ya milioni 88 na milioni 108 kwa sekunde, ambalo hakuna sikio liwezalo kulisikia. Edwin Armstrong wa Marekani ndiye aliyepata hataza zake kwa utangazaji wa namna hiyo mwaka 1933. Redio yako humpokea mchukuzi, ikapokonya mzigo, ikamtupa. Katika kinanda mchukuzi hatupwi. Mawimbi yote mawili ni ya kiasi cha sikio, na kinachosikilizwa ni ule mtikisiko wenyewe.

MPIGA NGOMA WA STANFORD

Aliyeligundua hilo hakuwa mhandisi. John Chowning, aliyezaliwa Marekani mwaka 1934, alikuwa mpiga ngoma na mtungaji wa muziki, na alikuwa amekwenda Paris kusoma kwa mwalimu mashuhuri Nadia Boulanger. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, alisoma makala ya Max Mathews kwamba kompyuta yaweza kufanywa chombo cha muziki, akaenda kuitafuta programu yake. Mwaka 1967 alikuwa akicheza na mtetemo wa sauti, ule ule wa mpiga fidla, akiuongeza kupita kiasi ili aone utafika wapi. Ukafika mahali ukageuka rangi. Sikio lake ndilo lililomwambia. Hesabu zilifuata nyuma kuthibitisha. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1973.

Msomaji atauliza, kwani kabla ya hapo haikuwezekana kutengeneza sauti ya kengele kwa umeme? Iliwezekana, lakini kwa gharama. Kengele yenye sauti 12 ndani yake ilihitaji mawimbi 12, kila moja na mtambo wake. Chowning alipata utajiri huo kwa mawimbi mawili. Ni kama mtu aliyegundua kwamba badala ya kuajiri waimbaji 12, aweza kumwajiri mmoja na mwenziwe wa kumtekenya.

Makampuni ya Marekani yaliyounda oganu yalipopelekewa habari hii hayakuona ndani yake biashara. Yamaha ya Japani ilimtuma mhandisi kijana, Kazukiyo Ishimura, naye akaelewa upesi. Mkataba ukafungwa mwaka 1975, hataza ikatolewa mwaka 1977, na mwaka 1983 kikatoka kinanda kiitwacho DX7. Kilikuwa na vitufe 61, kiliweza kutoa sauti 16 kwa wakati mmoja, na kila sauti iliundwa kwa mawimbi sita yaliyoweza kupangwa kwa namna 32, huyu amtikise yule, yule amtikise wa tatu. Bei yake Marekani ilikuwa dola 1,995. Kilienea dunia nzima, na njia yenyewe ikashuka hadi katika vinanda vidogo vya nyumbani na, miaka ya 2000 ilipoanza, katika milio ya simu za mkononi. Chuo cha Stanford kilivuna dola zaidi ya milioni 20 kwa hataza hiyo, ambayo muda wake ulikwisha miaka ya 1990. Leo mtu mwenye kompyuta aweza kupata bure programu kama Dexed inayofanya kazi ile ile.

Lakini kilichonigusa mimi ni jambo jingine la Chowning. Mwaka 1981 alitunga kazi aliyoiita Phoné, na ndani yake kengele hugeuka kuwa sauti za watu wanaoimba. Siri yake ni hii: sauti zilizomo ndani ya kengele na zilizomo ndani ya koo la mtu zaweza kufanana, lakini sikio halitamtambua mtu mpaka sauti hizo zitetemeshwe pamoja, kwa mtetemo mmoja mdogo, kama pumzi. Zikitetema pamoja tu, mtu anatokea.

DAFTARI LILILOLOWA

Tuirejee Dunga. Nilimwuliza Fundi kwa nini, katika sauti zote za dunia, alihangaika na kugonga kwa chuma.

Baba yake alikuwa mpiga nyatiti. Alipiga matangani, alipiga arusini, alipiga ufukoni mashua mpya ikishushwa majini. Alifariki mwaka 1991. Nyatiti yake ililiwa na mchwa, na pete ya chuma haijulikani ilikokwenda. Kila ndugu anadhani iko kwa mwingine. Hakuna aliyemrekodi. Mwaka 1998 Fundi alikinunua kinanda hiki kutoka kwa bendi ya hoteli iliyovunjika, na kwa muda wa miaka miwili, usiku baada ya kazi, alitafuta mguu wa baba yake ndani ya namba. Akaupata. Akauhifadhi katika kumbukumbu ya kinanda, na kila mwaka siku ya kumkumbuka mzee akaupiga.

Kumbukumbu ya vinanda vya siku zile hulindwa na betri ndogo iliyo ndani, kama ya saa. Betri hiyo huishi miaka mingi, lakini ni kiumbe, na kila kiumbe kina ajali yake. Mwaka 2019 iliisha. Fundi alipowasha kinanda, sauti zote alizozitunga zilikuwa zimetoweka.

Hakulia, maana alikuwa na daftari. Hili ndilo jambo la ajabu katika vinanda hivi: sauti nzima yaweza kuandikwa kwa kalamu. Ni kama namba 150 tu, uwiano huu, ukali ule, kasi ya kuzaliwa, kasi ya kufa. Sisi watu wa pwani twalijua hilo vizuri. Tenzi zetu zilisalimika kwa sababu kuna mtu aliyeketi na kalamu ya mwanzi akazinakili kwa herufi za Kiarabu, na sauti ya mtunzi aliyekufa miaka 200 iliyopita ikawa yatoka tena kinywani mwa msomaji.

Kwa bahati mbaya hakuzirudisha namba zile mara moja. Kazi zilikuwa nyingi. Mwaka 2020 ziwa likafurika. Maji ya Victoria yalipanda mwezi wa Mei hata kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimepimwa kabla yake, na Dunga, kama fuko zote za upande ule, ikaingiliwa. Kibanda cha Fundi kilisimama majini hadi magotini. Kinanda kilikuwa juu ya meza. Daftari lilikuwa chini, ndani ya sanduku.

Alinionyesha. Kurasa zimevimba na kukauka kama ngozi ya pweza. Namba za mawimbi manne zasomeka. Za mawimbi mawili ya mwisho wino umekimbia, limebaki wingu la buluu. Na hayo mawili ndiyo yaliyokuwa chuma.

"Mkono ulizijua," aliniambia. "Kichwa hakikuzijua."

Kile nilichokisikia nikinawa mikono kilikuwa ni jitihada yake. Alikuwa akitafuta kwa sikio. Uwiano wa 1.40 ulimpa kengele ya kanisa. Uwiano wa 2 ulimpa mbao tupu. Akapanda hadi 3.51, na hapo chuma kikaanza kusikika. Akaupanga mtikisiko uruke juu mara moja na ufe kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kwisha, ili chuma kitoweke upesi na mbao ibaki ikilia peke yake. Fikiri, msomaji, ndivyo inavyokuwa: pete hugusa mara moja, kisha ni ukingo wa chombo unaosema.

Nje ya kibanda, juu ya mkeka, mama yake alikuwa akichambua omena. Ni mwanamke wa miaka zaidi ya 80. Tangu nifike hakuwa ameinua uso. Fundi alipiga tena, ko, ko-ko, na mama akasema neno kwa Kijaluo bila ya kusita mikono. Mwanawe akanifasiria: "Asema huo ni mguu wa kijana. Baba alikuwa na mguu mzito, na pete yake ilikuwa imelegea."

Fundi akautazama ule ukurasa ulioharibika, kama kwamba wino ungerudi. Kisha akaushusha ukali wa mtikisaji kutoka 84 hadi 71, mng'aro ukapungua. Na kwa ajili ya pete iliyolegea akalipotosha wimbi moja kidogo sana, lisilingane barabara na mwenziwe, hata ndani ya kila pigo ukaingia mgongano mdogo, chakacha ya chuma kisichokaa vyema kidoleni. Akapiga.

Mikono ya mama ilisimama juu ya samaki. Hakusema kitu kwa muda. Fundi akapiga tena, kwa mahadhi ya baba yake, na mama akanitazama mimi, mgeni, kwa mara ya kwanza. Akasema kwa Kiswahili, ili nisikie, "Mwambie apumzike sasa. Amepiga vya kutosha."

Akarudi kwenye omena wake. Fundi akachukua kalamu, ya risasi mara hii, akaandika.

HUKUMU NINAYOIPUNGUZA

Sisemi kwamba kinanda kimekuwa nyatiti. Fundi mwenyewe hakusema hivyo. "Hii ni pete tu," aliniambia tukiagana, "si mzee." Mzee alikuwa na maneno, na alijua ni nani amekaa mbele yake na ukoo wake ni upi, na alibadilisha wimbo papo hapo. Namba 150 hazina habari hiyo. Na vijana wanaojifunza nyatiti ya kweli, wapo, Mungu awazidishie.

Ninachosema ni kwamba nilimshitaki asiyekuwa mwizi. Ndani ya vinanda vya namna hii hamkuwa na udi wetu hata uibiwe. Mlikuwa na mawimbi yaliyokuwa tayari kutikiswa vyovyote, na watu wa kiwandani wakayapangia sauti za mwanzo walizozijua wao. Wapigaji wengi, hapa kwetu na hata huko Ulaya na Marekani, walizipokea kama zilivyo wasiziguse, kwani kuzipanga ni kazi ya kuchosha: kiwambo kidogo, vitufe vingi, namba tupu. Sisi nasi tukakilaumu chombo kwa kutosema lugha yetu, na hakuna aliyekifundisha. Aliyekifundisha nimemkuta Dunga, amefunga miwani kwa uzi.

Usiku ule, katika basi la kurudi, niliandika ubeti huu:

Wimbi lilipo pekee, sauti haina ladha,
Mwenziwe alisogee, likatetema kwa adha,
Ndipo ngoma itembee, kengele zimwage fedha,
Sauti ni kutikiswa, pekeyo hutasikika.

Nyumbani kwetu kulikuwa na upatu wa shaba uliopigwa na kina mama katika ngoma za arusi. Bibi yangu alikuwa na pigo lake, akianza kwa kijiti kizito kisha akimaliza kwa ukingo wa kidole ili kuinyamazisha shaba. Waliolisikia pigo hilo tumebaki watatu: mimi, dada yangu, na binamu yetu aliyeko Muscat. Upatu wenyewe upo, umewekwa juu ya kabati, na vikombe juu yake.

Wiki iliyopita dada aliviondoa vikombe. Alipiga, tukabishana, akapiga tena, na yule wa Muscat akasikiliza kwa simu akatusahihisha sote wawili. Tulipokubaliana nilirekodi nikampelekea Fundi wa Dunga. Amenijibu kwamba mchukuzi amekwisha kumpata, bado anamtafuta mtikisaji. Nami nimenunua daftari, na kalamu ya risasi.